Kasoro Kiazi Kimoja

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akiingia darasani na kiazi kibichi mfukoni. Si kila siku. Ilikuwa mara moja tu kwa kila kidato cha kwanza, wiki ya kufungua shule, ukungu wa Mufindi ukiwa bado umeziba madirisha na sisi tumeficha mikono kwapani kwa baridi. Alikiweka kiazi mezani akatuuliza ni vingapi. Tukajibu kwa pamoja, kimoja. Akasema haya, leo kimoja, kesho viwili, keshokutwa vinne, kila siku mara mbili ya jana. Mkivizidisha hivyo mara thelathini na moja, mtakuwa navyo vingapi? Mmoja akasema elfu. Mwingine, mtoto wa mkulima wa viazi, akasema gunia kumi. Mwalimu akageuka akaandika ubaoni kwa mwandiko wake mwembamba: 2,147,483,648.

"Sasa kuleni kimoja," akasema, akafuta ile nane ya mwisho akaandika saba. "Hivi vilivyobaki, iteni watu wawili mgawane. Iteni watatu. Iteni kijiji kizima, iteni Iringa yote na Mbeya juu yake. Hamgawani sawasawa ng'o! Labda mtu mmoja avile vyote, au waje watu wengi kama viazi vyenyewe, kila mtu aondoke na chake."

Hiyo ndiyo namba tasa, akatueleza, namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Tatu ni tasa, saba ni tasa, na hii nayo ni tasa ingawa ni bilioni mbili na ushee. Mtu mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, si ukile basi hicho kimoja?" Mwalimu akakichukua kiazi, akakitazama, akakirudisha mfukoni.

"Bado," akasema. "Hatujafika."

Miaka minne niliyosoma pale, shule ya kutwa juu kidogo ya Nyololo, sikuwahi kumwona akikila.

Namba ile ilikuwa imeshajulikana zamani. Mwalimu hakuficha jambo hilo. Alikuwa na kitabu chakavu kilichosema kwamba watu wa Ulaya walishaithibitisha kabla bibi wa bibi zetu hawajazaliwa. Lakini ukimwambia, Mwalimu, si kitabu kimeshasema, alikujibu neno moja alilolitumia kwa kila kitu, kuanzia hesabu hadi habari za kijiji: "Nimeambiwa. Sijaona." Akiambiwa fulani kaiba kuku, nimeambiwa, sijaona. Akiambiwa fulani kaokoka, hivyo hivyo. Ilimponza, maana alikuwa mzee wa kanisa, na mchungaji hakupenda kabisa kulisikia neno lile likisemwa karibu na madhabahu.

Kuona, kwake, kulikuwa ni kugawanya. Ukitaka kujua kwamba namba haigawanyiki, jaribu kuigawanya. Huna haja ya kujaribu kwa kila namba. Zile tasa ndogo zinatosha, na huna haja ya kuvuka elfu arobaini na sita mia tatu na arobaini, kwa sababu namba mbili zikizidishwa zikaizaa ile kubwa, mojawapo lazima iwe chini ya hapo. Hata hivyo namba tasa za chini ya hapo ni karibu elfu nne na mia nane. Mwalimu alizipepeta mwenyewe kwa penseli na rula, mwaka mzima, akaziorodhesha kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Kila moja ilipewa mstari wake: kigawanyo, jibu, baki, na jina la aliyegawanya. Maana hakugawanya yeye. Tuligawanya sisi, wachelewaji.

Shule nyingine mchelewaji alichapwa, au alipewa kisiki ang'oe. Kwetu, kama ni zamu ya Mwalimu wa hesabu, ulipewa kikaratasi. Juu yake pameandikwa kigawanyo kimoja, kinachofuata kwenye orodha. Unakaa chini ya ubao wa matangazo, unaigawanya bilioni mbili na ushee kwa mkono, hatua zote zionekane, na huingii darasani wala huendi nyumbani mpaka ulete baki. Wapo waliomsihi. "Mwalimu, nichape tu, nakuomba." Yeye hakuwa na fimbo. Nadhani katika maisha yake yote hakumchapa mtu, na bado tulimwogopa kuliko wachapaji wote, kwa kuwa mchapaji humaliza akaenda zake, lakini huyu aliichukua karatasi yako nyumbani na usiku huo alizidisha kurudi nyuma ahakikishe. Ukiwa umebuni, kesho yake unamkuta mlangoni. "Rudi na ukweli," anakwambia, anakupa kikaratasi kilekile.

Kabla ya kwetu alikuwa amefundisha Idodi, kule kwenye joto, na wanafunzi wa Idodi ndio waliomaliza vigawanyo vidogo. Walikuwa na bahati, kugawanya kwa kumi na saba si kazi. Alipenda kutusimulia habari za mwanafunzi mmoja wa kule aliyechelewa kwa sababu tembo walikuwa wamesimama njiani. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba tembo si kosa lake, kisha akampa kikaratasi. "Tembo nimeambiwa," akasema. "Kuchelewa nimeona."

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mara alipoliandika jina la mtu kando ya kigawanyo chake, kigawanyo ndicho kilichobaki kichwani mwake. Majina yetu aliyasahau. Mpaka leo pale Nyololo, mabasi yanaposimama abiria wanunue mahindi ya kuchoma, kuna dereva mmoja wa masafa ya Mbeya ambaye Mwalimu humwita Kumi na Tatu Elfu na Moja. Abiria hudhani ni namba ya basi.

Swali la faida aliulizwa kila mwaka. "Mwalimu, hii namba faida yake nini?" Hakukasirika. "Na wewe faida yako nini?" akamuuliza aliyeuliza. "Hatujui bado. Lakini mama yako anakuamsha kila asubuhi." Kulikuwa na njia ya mkato pia, nayo aliwafundisha wa kidato cha nne kwa siri, kama mtu anayewaonyesha wakubwa chupa kabatini. Kwa kutumia ujanja fulani, vigawanyo vya kujaribu havifiki hata mia. Tukamuuliza sasa kwa nini anatutesa na maelfu? Akasema njia ya mkato inamfaa mwenye safari, yeye yuko nyumbani.

Nisimpake asali. Alikuwa na mapungufu yake, na mengine yaliuma. Mtu aliyeshindwa hesabu hakumwona kabisa, alimpita machoni. Rafiki yangu mmoja, mshonaji hodari sana leo pale Mafinga, anasema miaka minne Mwalimu hakumwita hata mara moja, kwa jina wala kwa namba. Na mtu huyuhuyu wa bilioni alishindwa hesabu za nyumbani. Siku ya sendofu, ya kumuaga binti yake anayeolewa, alisimamia sahani, akazihesabu mara tatu, na bado watu wa upande wa bwana harusi wakala pilau kwenye mifuniko ya sufuria.

Mke wake tulimwita Mama Mwalimu. Alikuwa mkulima wa viazi, mwanamke wa Kibena mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na namba ile aliiita mke mwenzake. "Mke mwenzangu hali, havai, haugui," alituambia tukimsaidia kuvuna, "lakini usiku ndiye anayekaa naye." Kisha anacheka. Viazi vya mfano vilitoka kwenye shamba lake, na kila mwaka ndiye aliyekitoa kiazi kile mfukoni mwa koti la Mwalimu, kimenywea, akakirudisha jikoni.

Lakini mkinzano mkubwa wa Mwalimu ulikuwa huu. Alichukia uchelewaji kwa moyo wote, na kazi ya maisha yake ilitegemea wachelewaji. Siku ambayo wote tuliwahi, alizunguka kiwanja cha paredi amenuna. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, nayo ilipigwa saa moja kamili asubuhi. Mpishi wa shule alikuwa akiapa kwamba zipo siku ringi inalia kabla redio yake haijatangaza saa moja, na kwamba siku hizo ni za zamu ya Mwalimu wa hesabu. Tulimcheka mpishi. Tulisema redio yake ina betri zilizokwisha. Mzee wa kanisa hawezi.

Zamu yangu ilifika nikiwa kidato cha pili. Nilitoka nyumbani muda uleule wa siku zote, lakini nilipofika kwenye mikaratusi ringi ilikuwa imeshalia na Mwalimu amesimama kwenye ukungu na vikaratasi vyake. Nilikuwa peke yangu. Nikapewa 7,919. "Hiki ni cha elfu moja katika orodha," akaniambia kwa heshima, kama ananikabidhi zawadi.

Zawadi gani! Saa kumi jioni tulikuwa na mechi ya netiboli na shule ya Mafinga, na mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa goli. Nilianza vizuri, nikakosea, nikafuta, nikaanza tena, nikakosea. Saa tisa na nusu nikawasikia wenzangu wanaimba wakipasha mwili. Basi nikabuni. Nikajaza hatua za uongo mpaka chini, na pale mwisho nikaandika baki 8,011, kwa sababu ilionekana namba ya kweli.

Mwalimu aliipokea karatasi. Aliitazama, akanitazama, na nakumbuka alinitazama muda mrefu. Kisha akatoa penseli, si kalamu, akaandika kitu kwenye daftari. "Asante," akasema. "Nenda ukacheze."

Tulishinda. Kesho yake nilikwenda shuleni nikisubiri "rudi na ukweli". Hakusema. Wiki ikaisha, mwaka ukaisha, hakusema. Mwanzoni nilijiona mjanja kuliko wote. Baadaye, sijui lini, ujanja ule ukaanza kuniuma. Namba ile ilikuwa imesimama juu ya mikono ya mamia ya watu, na mkono mmoja ulikuwa wa uongo, wangu.

Iliniuma zaidi niliposikia habari za Makongolosi. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameacha shule katikati ya kigawanyo chake, akakimbilia kwenye machimbo ya dhahabu. Mwalimu alisubiri likizo, akapanda basi hadi Mbeya, akaunganisha Chunya, akafika Makongolosi, akamkuta kijana wake penye karasha, mashine ya kusaga mawe, mweupe kwa vumbi. Hakumwambia arudi shule. Alimpa kikaratasi. Mchimbaji yule alikaa juu ya tofali akagawanya kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, wenzake wamemzunguka wanamwongoza vibaya, na Mwalimu akaukunja ule mfuko akarudi nao Nyololo. Huyo alimfuata safari ya siku mbili. Mimi niliyekuwa mbele ya macho yake miaka miwili zaidi, hakunifuata hata hatua mbili. Nikaamini kwamba hakugundua.

Nikawa mtu mzima. Ninafanya kazi katika duka la dawa Mwanjelwa, Mbeya, na kazi yangu kubwa ni kugawanya: vidonge ishirini na moja, kutwa mara tatu, siku saba, kisibaki kitu. Kila kinapobaki kidonge mezani namkumbuka.

Mwaka huu dereva yule wa Kumi na Tatu Elfu na Moja aliingia dukani kununua dawa ya mafua. Tukatambuana kwa shule.

"Sista, mzee wetu macho yamegoma," akaniambia. "Presha ya macho. Daktari kasema hiyo hairudi nyuma, anaona kivulikivuli tu, na chenyewe kinaisha."

"Na ile namba yake? Aliimaliza?"

"Imebaki mtu mmoja tu. Miaka yote hii, mmoja! Tumemwambia Mwalimu, mtaje tumlete hata kwa kamba. Hasemi. Mimi nikamwambia lete mimi nigawanye, dakika mbili na simu. Akanifukuza."

Nilimrudishia chenji nikakosea mara mbili. Jumamosi nilikuwa kwenye basi lake.

Mama Mwalimu alinipokea uani, amezeeka ila sauti ileile. "Kamwene, mwanangu! Ingia, ingia, yuko ndani na mke mwenzangu." Mwalimu alikuwa amekaa karibu na dirisha, koti lilelile, uso umeelekea kwenye mwanga. Daftari lilikuwa mezani mbele yake, limefungwa. Nikampa shikamoo. Aligeuza kichwa kidogo.

"Marahaba," akasema. "Elfu Saba Mia Tisa Kumi na Tisa. Mlishinda netiboli."

Maneno niliyoyaandaa tangu Makambako niliyaacha. Nikamwambia kwa mkato, Mwalimu, lile baki nililibuni. Sikugawanya. Nisamehe.

Akacheka, kicheko cha kikohozi. "Mwanangu, uliandika elfu nane na kumi na moja. Unagawanya kwa elfu saba mia tisa na kumi na tisa, unabakiwa na elfu nane? Si ungegawa tena! Baki halizidi kigawanyo, hilo mlifundishwa darasa la nne. Nilijua kabla hujafika uwanjani."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka yote ile nilijiona nimeficha jambo, kumbe nililiacha wazi mezani. "Sasa kwa nini hukuniita?" nikamuuliza, na nikasikia sauti yangu ina hasira. "Yule wa Makongolosi ulimfuata mpaka machimboni!"

Mwalimu akapapasa ukingo wa daftari kwa kidole gumba.

"Yule alichelewa," akasema. "Wewe hukuchelewa. Siku ile wenzako wote walikuwa wamewahi. Nikaona kigawanyo cha elfu moja kinanisubiri, nikaipiga ringi mapema. Dakika tano. Nikakuona unatoka kwenye ukungu, unakimbia, na saa yangu inasema una dakika mbili za ziada." Akavuta pumzi. "Nilipoona umebuni, nikasema huyu kanilipa sawa na nilichompa. Uongo kwa uongo. Ningekwambiaje rudi na ukweli?"

"Ungempa mtu mwingine."

"Mstari ulikuwa na jina lako. Kumpa mwingine ni kuficha. Nikauacha kwa penseli. Nikasema akija mwenyewe, atakuja. Asipokuja, hiyo ndiyo bei ya dakika tano." Kisha akaongeza polepole, "Mimi ndiye wa kuomba samahani, mwanangu. Nisamehe."

Nililia kidogo, si haba, na sikuona haya. Kisha nikafungua mkoba, nikatoa kalamu, nikavuta karatasi.

"Hii sasa si adhabu," nikamwambia.

"Si adhabu," akakubali, akasogeza kiti. "Soma kwa sauti. Mimi nitakufuata kichwani."

Nikaanza. Ishirini na moja elfu mia nne sabini na nne, kwa elfu saba mia tisa na kumi na tisa. Mbili. Nikatoa, nikashusha nane. Saba. Nikatoa, nikashusha tatu. Moja. Nikashusha sita. Moja tena. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, hatua moja mbele yangu. Nikashusha nne, nikasema tisa.

"Tisa inazidi," akasema papo hapo.

"Nane."

"Nane."

Nikatoa, nikashusha saba ya mwisho, ile iliyokuwa nane kabla kiazi hakijaliwa. Moja. Nikatoa kwa mara ya mwisho. "Baki elfu moja mia tatu na nane," nikasema. Akaniambia nizidishe kurudi nyuma, nikazidisha, nikajumlisha baki, na tarakimu zikajipanga moja moja mpaka zikatimia kumi: mbili, moja, nne, saba, nne, nane, tatu, sita, nne, saba. Haikugawanyika. Nikafungua daftari kwenye mstari wangu, nikafuta penseli ya zamani, nikaandika kwa wino.

Mwalimu alikaa mikono juu ya magoti, na midomo sasa imetulia.

Mama Mwalimu aliingia na sahani ya viazi vya kuchemsha vinavyofuka moshi na chumvi pembeni. Akatutazama mmoja mmoja. "Vipi, mbona kimya? Imeisha?"

"Imeisha," nikamjibu.

Mwalimu akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaifikia sahani, akachukua kiazi kimoja. Alikishika kwanza kikiwa cha moto, akikihamisha kiganja hiki na hiki. Kisha akakimenya, akakila chote.